Macho mekundu ya bibi si uchawi
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bibi zetu wa Usukumani huitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Ni moshi! Bibi amepika miaka 50 kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, kwenye kijumba kisicho na dirisha, akipuliza moto huku machozi yanamtiririka. Mtoto wa jirani akiugua, mpiga ramli anamtaja yeye. Na mara nyingi nyuma ya ramli kuna shamba: mjane akiondoka, wanaolitaka wanagawana. Shinyanga, Mwanza, Geita, bibi kama hawa wamekatwa mapanga usiku, wamelala. Inauma sana. Ukisikia bibi ameanza kunong'onwa kijijini, usingoje. Mwone mtendaji wa kijiji na dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo.