Kwa nini mayai ya kiti cha pweza yanapokea mbegu nyingi

Ndugu muulizaji, umesema kwamba mayai ya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, uliyoyatia mbegu za kiume mara tu baada ya kuyatoa kwenye ovari yaliingiwa na mbegu zaidi ya moja, nawe unashuku ubora wa maji. Mimi nashuku wakati.

Yai likiwa changa, utaona kwa hadubini kiini (nyuklia, si ute wa njano) kikubwa cha mviringo, angavu, chenye ukingo ulio dhahiri. Likipewa methiladenini, homoni ya kulikomaza, ukingo huo hufifia baada ya takribani nusu saa. Katika muda huo nyuzi za aktini, protini inayolipa yai umbo lake, zilizo chini ya utando hujipanga upya, na hifadhi za kalisi (kalsiamu) ndani ya yai huwa nyepesi zaidi kuachilia shehena yake. Ndiyo maana katika yai lililokomaa mbegu moja huwasha wimbi la kalisi linaloanzia mahali ilipogusa na kuvuka yai zima, vifuko vidogo vya pembezoni mwa yai vikapasuka na utando wa utungisho, unaozuia mbegu nyingine, ukainuka. Yai changa hujibu kwa unyonge, utando hauinuki ipasavyo, na mbegu nyingine hupenya.

Kwa hiyo subiri kiini kitoweke, kisha utungishe kabla ya chembe ya kwanza ya ncha, yaani kiseli kidogo ambacho yai hukitoa likikomaa, kutokea. Usikawie mno pia, kwani yai lililopitiliza huharibika vilevile. Dawa za kuvuruga aktini, kama unafikiria kuzijaribu, ziache kwanza. Hazitakufundisha kitu kabla hujapata mayai ya kawaida ya kulinganishia.