Kujifunza Kiinimacho cha Karata kwa Video: Tazama Kinachotokea Kabla na Baada ya Siri

Kiinimacho cha karata kina aina nyingi, lakini kile ambacho badiliko lake hutokea waziwazi, karibu kabisa na macho ya mtazamaji, kina namna yake ya kufunzwa. Mtazamaji anaiona saba ya kopa, kiganja kinapita juu yake, na papo hapo anaiona ree ya shupaza. Hana hadithi ndefu ya kufuatilia, hana hesabu ya kukumbuka, wala hahitaji kuambiwa kwamba jambo la ajabu limetokea. Kwa kuwa uzito wote wa kiinimacho cha namna hii umo katika mwendo wa mikono, video ni mwalimu mzuri sana. Maandishi yanaweza kueleza kidole kinakaa wapi, ila ni vigumu yaonyeshe mkono unatulia kwa muda gani kabla ya kuondoka. Sehemu kubwa ya ninachokijua nimejifunza kwa njia hiyo, na ushauri wangu ni huu: unapoitazama video ya mafunzo, usiikodolee macho siri peke yake, yaani ile mbinu ya vidole iliyofichwa, bali chunguza zaidi mikono inafanya nini kabla ya siri hiyo kupita na mara tu baada ya kupita.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Siri yenyewe huwa fupi, na mwalimu huieleza kwa dakika chache akiwa amesogeza kamera karibu na vidole, kwa hiyo mwanafunzi huondoka akiamini kwamba amepewa kila kitu. Akishika karata zake anaiweza mbinu, naam, lakini akionyesha watu wanamwambia kwamba wameona kitu bila kuweza kueleza ni kitu gani. Walichokiona ni mkono uliokuwa umelegea ukawa mgumu ghafla, au mabega yaliyoinuka kidogo, au karata iliyoshikwa kwa namna tofauti na ilivyoshikwa muda mfupi uliopita. Jicho la binadamu halihitaji kuijua mbinu ili kuhisi kwamba mwendo umebadilika.

Kabla ya kufika huko, chagua video inayofaa. Kipande cha sekunde chache kinachovutia kwenye mitandao hakikuambii kama kiinimacho hicho kinaweza kufanywa mbele ya watu walioketi kulia na kushoto kwako, kwa sababu kamera ina jicho moja na mwenye kipande alikuwa na uhuru wa kulipanga jicho hilo mahali panapomfaa. Video nzuri humwonyesha mwalimu akifanya kiinimacho kizima mbele ya watu halisi bila kukata picha, kisha huonyesha mikono kutoka mbele, ambako mtazamaji yuko, na pia kutoka juu ya bega la mwalimu, ambako wewe mwanafunzi utakuwa ukiitazama mikono yako mwenyewe. Ile picha ya juu ya bega ina thamani kubwa, maana picha ya mbele hugeuza kushoto kuwa kulia na akili huchoka kuigeuza tena. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kuigeuza picha ya video kwa programu ya kuhariri, ikawa kama anajitazama kwenye kioo, na tatizo lake likawa limepungua sana. Mwalimu anayetaja wazi pembe mbaya, yaani mahali ambapo mtazamaji akikaa ataiona siri, ni wa kuaminiwa kuliko yule anayedai kwamba kiinimacho chake hakina pembe mbaya hata moja.

Kuhusu karata nitasema machache. Tumia karata za karatasi zenye upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, ambazo ndizo walimu wengi hutumia. Zipo pia zenye upana wa milimita 57, nazo huwafaa wenye viganja vidogo. Karata za plastiki tupu hudumu, lakini nyingi huteleza vibaya na hazipindiki kwa utii. Karata mpya kabisa nazo huteleza mno, hivyo zichange na kuzigawa kwa muda hadi zilainike ndipo uanze kujipima nazo.

Sasa tuje kwenye kutazama kwenyewe. Mara ya kwanza itazame video yote bila karata mkononi, kwa kasi yake ya kawaida, na usiisimamishe. Nimeona kwamba mtu anayeshika karata tangu mwanzo huanza kuiga vidole kabla hajaelewa kiinimacho kinataka mtazamaji aamini nini. Ukishaelewa hilo, rudi ukatazame kipande kwa kipande, na hapa ndipo wengi hukimbilia kupunguza kasi, jambo ambalo ni jema lakini lina mpaka wake. Video nyingi hurekodiwa kwa picha 24, 25 au 30 katika kila sekunde. Badiliko linalochukua sehemu ya kumi ya sekunde, katika video ya picha 30, limeachiwa picha tatu tu, na ile ya katikati mara nyingi ni ukungu wa vidole. Hata ukipunguza kasi hadi robo, picha haziongezeki; unachokipata ni zile zile tatu zikikaa muda mrefu zaidi kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana video iliyorekodiwa kwa picha 60 au 120 kwa sekunde hufaa zaidi kwa kiinimacho cha aina hii, na ndiyo maana mwalimu mwenye busara huifanya mbinu polepole kwa mikono yake badala ya kuiachia kompyuta kazi hiyo. Kasi ya kawaida nayo usiitupe, kwa sababu mdundo wa kiinimacho unapatikana humo tu.

Nichukue mfano wa mbinu ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo, ile ya kugeuza karata mbili zikaonekana ni moja. Mbinu hii si mali ya mtu mmoja na imo katika mafunzo mengi ya mwanzo, kwa hiyo kuitaja si kumharibia mtu kazi yake. Shika pakiti katika mkono wa kushoto kama mtu anayetaka kugawa: kidole gumba kimelala juu upande wa kushoto, kidole cha shahada kinazuia ukingo wa mbele, na vidole vitatu vilivyobaki vinaegemea ubavu wa kulia. Kisha geuza karata ya juu, moja tu, kwa haki, bila hila yoyote. Jiangalie. Ni kidole gani kilichoigusa kwanza, na kiliigusa wapi, kwenye kona au katikati ya ubavu? Karata ilipinduka upande upande kama ukurasa, au ilipinduka kwa urefu? Kidole gumba cha kushoto kilisaidia kuisukuma au kilikaa kimya? Ulipoirudisha uliilaza, au uliiachia ikaanguka yenyewe? Macho yako yalikuwa kwenye karata au kwa mtu unayezungumza naye?

Majibu ya maswali hayo ndiyo ramani yako. Rudi kwenye video umtazame mwalimu akigeuza karata moja ya kweli, maana karibu kila video ina mahali ambapo anafanya hivyo bila kulizungumzia, kisha mtazame akigeuza zile mbili. Kwa mwalimu mzuri huwezi kutofautisha. Mwanafunzi, kinyume chake, hugeuza karata moja kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, halafu zile mbili akazibana kwa vidole viwili vilivyokakamaa akiogopa zisiachane. Dawa yake haiko katika kuzigeuza zile mbili kwa kasi zaidi. Dawa ni kuchagua mwendo mmoja wa kugeuza na kuutumia daima, hata ukiwa peke yako, hata pasipo siri yoyote, mpaka mkono usahau kwamba kuna namna mbili. Nimewahi kutumia vipindi vizima vya mazoezi nikigeuza karata moja tu ya haki, na naviona kuwa vipindi vilivyonifaa kuliko vingine vyote.

Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1894 na kuheshimiwa na wafanya kiinimacho wa karata kuliko karibu mtu yeyote wa karne ya 20, alihimiza sana jambo hili la mikono kubaki katika hali yake ya asili. Mwaka 1922, mjini Chicago, alimwonyesha Harry Houdini, mfanya kiinimacho mashuhuri wa wakati huo, karata iliyotiwa alama na Houdini mwenyewe, ikawekwa chini ya karata ya juu, kisha ikaonekana imepanda juu. Houdini alikuwa akijigamba kwamba kiinimacho chochote akikiona mara tatu angekijua, na Vernon alikirudia mbele yake bila yeye kuweza kukieleza. Houdini alikuwa karibu, alijua mengi na alikuwa akitafuta kosa, kwa hiyo kasi peke yake isingemshinda mtazamaji wa namna hiyo. René Lavand wa Argentina, aliyepoteza mkono wake wa kulia akiwa mtoto, alitumia mkono wa kushoto peke yake na akajulikana kwa kufanya kiinimacho chake polepole sana. Mtu akiniambia kwamba vidole vyake havina kasi ya kutosha, hao wawili ndio ninaomtajia.

Upande wa baada ya siri hupuuzwa zaidi. Kiganja kimepita juu ya karata, badiliko limekwisha, na mwanafunzi anauvuta mkono haraka kama aliyegusa chungu cha moto, au anaugandisha hewani akingoja kusifiwa. Tazama mwalimu anafanyaje. Mara nyingi mkono hutulia kidogo juu ya karata kabla ya kuifunua, ili mtazamaji apate nafasi ya kukumbuka kwamba ni saba ya kopa iliyo chini yake, kisha huondoka kwa mwendo ule ule uliokuja nao na kwenda mahali palipo na sababu, kwa mfano kuichukua karata na kumpa mtazamaji. Kule kutulia ni sehemu ya kiinimacho. Shin Lim, aliyeshinda America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2018 kwa kiinimacho cha karata cha aina hii hii, alisomea piano kabla maradhi ya kifundo cha mkono hayajamlazimisha kuchagua kati ya muziki na karata, na ukimtazama utaona jinsi anavyokuachia muda wa kuamini ulichokiona kabla hajakuletea kingine. Nami nitumie nafasi hii kusema kwamba kifundo kikianza kuuma, weka karata chini; mkono uliochoka hujifunza kukakamaa, na kukakamaa huko kutakufuata hata utakapokuwa umepumzika.

Mazoezi ya kioo na ya kamera si kitu kimoja, nami nashauri yote mawili. Kioo hukusaidia kurekebisha kidole papo hapo. Kamera hukuonyesha jambo ambalo kioo hakiwezi kabisa: wengi hupepesa macho wakati ule ule siri inapopita, na kwenye kioo hutalijua hilo kwa kuwa wakati huo umefumba macho. Weka kamera kwenye kimo cha macho ya mtu aliyeketi mbele yako, rekodi kiinimacho kizima pamoja na maneno yako, kisha jitazame mara moja bila sauti. Isogeze kushoto, kisha kulia, kisha juu kama mtu aliyesimama, nawe utajua ni wapi usimruhusu mtu akae.

Katika kujitazama huko, yafuate macho yako zaidi ya vidole. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land walichapisha utafiti juu ya kiinimacho cha mpira unaopotea hewani, ambamo mfanyaji hujifanya anaurusha mpira uliobaki mkononi. Alipoinua macho kana kwamba anaufuata, watu wengi zaidi walisema wameuona mpira ukipanda kuliko alipoutazama mkono wake. Kwenye karata kanuni hiyo hufanya kazi vilevile: unapoutazama mkono wenye siri unamwita mtazamaji autazame, na unapomtazama yeye usoni na kumuuliza swali, naye huinua macho akujibu. Video za mafunzo hazisemi hili mara nyingi kwa sababu kamera iko kwenye vidole na uso wa mwalimu umekatwa nje ya picha, hivyo ni lazima urudi kwenye sehemu ya onyesho na ukautazame uso peke yake, toka mwanzo hadi mwisho, ukiandika pembeni ni lini anatazama karata na ni lini anamtazama mtu.

Ukiona kwamba mikono yako kabla na baada ya siri haitofautiani tena, muonyeshe mtu mmoja aliyeketi mbele yako, si kundi, na si kwa simu. Akikuomba urudie, muonyeshe kingine, kwa kuwa badiliko la waziwazi hupoteza nguvu nyingi anapojua litakuja lini. Na kama kiinimacho hicho ulikinunua kwa mtu aliyekibuni, siri yake ibaki kwako na video yake usiisambaze. Ukikirekodi na kukiweka hadharani, mtaje kwa jina.