Kuwinda kulungu Ohio: shemeji anasema .270, mzee unasemaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi mtu wa Tanga ila niko Columbus, Ohio mwaka wa sita sasa. Jamaa wa kazini wamenishika msimu huu lazima twende wote kuwinda kulungu, kozi ya usalama wa bunduki nishamaliza. Shemeji yangu yuko Texas anasema chukua raifo ya .270 hutajuta, mwingine anasema .30-06, kila mtu na lake. Nichukue ipi, na risasi gani? Halafu mke wangu anauliza hiyo nyama sisi Waislamu tutaila au naenda kuwawindia majirani. – Baba Rehema

JIBU: Marahaba Baba Rehema. Shemeji yako hajadanganya, .270 ipo tangu 1925 na kulungu iliowalaza hawahesabiki, tatizo yeye yuko Texas na wewe uko Ohio, ungeinunua ungebaki kuifuta vumbi kabatini. Ohio raifo ya kulungu lazima itumie risasi yenye ganda lililonyooka, na kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, iwe kati ya .357 na .50. Hiyo .270 na .30-06 zote ganda lake lina shingo, nene nyuma halafu linabanwa mbele, baruti nyingi inasukuma kitonge chembamba (kile kinachoruka) kwahiyo kinasafiri mbali mno, na huko kwenu ni mashamba tambarare na nyumba za watu nyuma ya kila kichaka. Ya ganda nyoofu inachoka mapema.

Kwa mtu anaeanza mi ningekwambia .350 Legend na nisingezunguka sana, hiyo .350 ya jina isikutishe, Ohio inaruhusiwa. Imetoka 2019, kitonge chake cha greni 150 (karibu gramu 10) kinatoka mtutuni kama futi 2,300 kwa sekunde, na teke lake begani dogo. Mpaka yadi 150 inatosha kabisa, na ndani ya msitu mara nyingi kulungu unamuona karibu kuliko hapo. Watakwambia .450 Bushmaster ndo ya wanaume. Mi nilianza nayo hiyo, bega likavimba, nikawa kila nikitaka kufyatua nafumba macho kabla haijalia, sikupata kitu msimu mzima mpaka nikaazima bunduki ndogo. Kulungu wa mkia mweupe sio nyati jamani. Na usijaze zaidi ya risasi tatu kwa jumla, chemba (inapokaa ya kufyatua) na magazini, hiyo nayo ni sheria ya Ohio.

Sasa kitonge chenyewe, ambacho kwangu mi ndo muhimu kuliko kaliba. Kiswahili kinatuchanganya hapa, maana risasi ni ile nzima yenye ganda, risasi ni kile kitonge kinachoruka, na risasi ni madini yenyewe. Chukua yenye ncha laini, ile ambayo ncha yake haijafunikwa na shaba, ikiingia mwilini inachanua. Lenga nyuma tu ya bega mnyama akiwa amekupa ubavu, upate mapafu, hatofika mbali. Ubaya wake inaacha vipande vidogo vya madini ya risasi kwenye nyama, mwaka 2008 North Dakota na Minnesota nyama ya kulungu ya msaada iliondolewa kwenye ghala za chakula sababu hiyohiyo, na madini hayo kwa mtoto au mama mjamzito ni sumu. Kwahiyo kata nyama ya pembeni ya jeraha kwa ukarimu, usiione huruma, au nunua za shaba tupu, risasi isiyo na risasi! Bei imechangamka lakini una Rehema mezani.

Ya mkeo: soma bismillahi wakati unafyatua, na ukimkuta bado ana uhai mchinje, hapo hakuna ubishi. Akiwa kafa kwa risasi masheikh wametofautiana, muulize imamu wako kabla ya msimu, sio umeshabeba mzoga kwenye buti. Ila usije ukamlenga mguu eti ili umuwahi hai, atakimbia na maumivu na utamkosa kabisa.

SWALI: Mzee, niko Minnesota, nimepata yale maboksi ya bei chee, risasi zimefunikwa shaba mpaka nchani. Nizitumie kwa kulungu? – Kijana wa Kigoma

JIBU: Hapana mwanangu. Hizo hazichanui, zinatoboa zinapita, mnyama anakwenda kufia mbali usimuone. Na Minnesota sheria inataka risasi ya kulungu iwe ya ncha laini au ya kuchanua. Hizo za bei chee peleka renji, uwanja wa shabaha, ukafanyie mazoezi, halafu boksi moja la zile za ncha laini tumia kurekebishia skopu yadi 100, maana hazipigi sehemu moja na hizo ulizozoea.