Kimekuzwa maabara, kwa nini kiitwe bandia?

Swali: Mwalimu, hujambo? Nasomea maikrobiolojia hapa Nairobi. Naandika makala kuhusu vile vipande vidogo vya utumbo vinavyokuzwa maabara kwa seli shina (zile zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine), ili kuchunguza jinsi wadudu wa tumboni wanavyoingiliana na mwili. Mwenzangu anashikilia niviite "viungo bandia". Ni sawa? – Msomaji, Umoja

Jibu: Si sawa, na mwenzako umwambie hivyo bila kumung'unya maneno.

Bandia asili yake ni mwanasesere. Siku hizi neno limekuwa jalala: chochote kisichotoka kwa Mungu moja kwa moja ni bandia. Meno bandia nimeyakubali. Kucha bandia pia, maana yanayofanyika saluni si kazi yangu. "Akili bandia" bado hunipandisha presha, ilhali wenzetu wamekwisha kutupatia "akili mnemba" na "akili unde".

Tazama noti bandia ya elfu moja. Ina rangi, ina picha, hata uzi wa kumeta inao. Mama mboga akiipokea jioni taa zikiwa hafifu, atalala akijua kauza. Alfajiri yuko Marikiti kununua sukuma. Mwenye gunia anaipapasa, anaiinua juu, anamrudishia na maneno mawili nisiyoweza kuyachapisha hapa. Bandia hupita mpaka ikutane na ajuaye.

Sasa, kwa utumbo, ajuaye ni nani? Ni kirusi. Virusi vya noro, vinavyotutapisha na kutuharisha, vilionekana kwa hadubini mwaka 1972, lakini kwa miongo mingi vilikataa kuzaana katika seli za kawaida za maabara. Mwaka 2016 watafiti wa Houston, Marekani, waliviingiza katika vijitumbo hivi vya seli za binadamu, navyo vikazaana. Vimeipapasa noti, vimeipokea. Wewe na mwenzako mna ushahidi gani wa kuvipinga?

Kwamba ni pungufu, sikatai. Tangu watafiti Sato na Clevers walipokuza kijitumbo cha panya kwa seli shina moja kule Utrecht, Uholanzi, wakatangaza mwaka 2009, kimebaki kifuko kisicho na mishipa ya damu wala neva. Tena uso wa utumbo umegeukia ndani, hivyo anayetaka bakteria wauguse hukidunga kwa sindano nyembamba ya kioo. Lakini ute kinatoa, chakula kinafyonza. Pungufu ni neno zuri la Kiswahili. Litumieni.

Andika "oganoidi", ngeli ya I-ZI, kisha ulifafanue mara moja tu. Mkia wa "-oidi" ni wa Kigiriki, maana yake "mfano wa". "Kijiogani" kinavutia, ila mwanafunzi atadhani unazungumzia oganeli, zile sehemu zilizo ndani ya seli.

Ama hao "wadudu wa tumboni" uliowapenyeza kwenye swali, ilhali bakteria na virusi si wadudu, hilo nimelivumilia miaka na mikaka; naweza kulivumilia hadi Jumamosi ijayo.