Mchanga wa kujazia ufukwe na chambo chetu

Umeuliza kama mchanga unaomwagwa kujazia ufukwe unaua chambo na kuwahamisha samaki. Ndiyo, unaua chambo, ila samaki hawahami kwa kudumu kama ulivyohofia. Minyoo, kombe wadogo na vikaa vinavyojichimbia pale mawimbi yanapovunjikia hufunikwa vikiwa hai. Wakifunikwa kidogo baadhi hupanda juu. Wakimwagiwa mchanga wa kimo cha mtu, ndio basi. Wanaojaza nafasi zao ni kizazi kipya kinacholetwa na maji kikiwa bado mabuu, kwa hiyo kazi ikifanywa msimu wa mabuu hao hasara ni mara mbili.

Kule San Diego, Marekani, walijaza fukwe 2012 na watafiti wakafuatilia 8 kwa miezi 15. Kombe wadogo walirudi ndani ya mwaka, lakini minyoo ilikuwa bado pungufu mpaka mwisho wa utafiti.

Kwa sisi wa mshipi Unguja, samaki aitwaye chaa ndiye wa kumtazama, maana hula humo humo mchangani. Na hapa kwetu naogopa vumbi lililomo kwenye mchanga kuliko kufukiwa kwa chambo. Chukua konzi ya huo mchanga, utie kwenye chupa ya maji ya bahari, utikise. Maji yakibaki meupe kama maziwa, vumbi hilo litatua kwenye majani ya bahari na matumbawe, na kina mama wanaookota chaza maji yakipwa wataumia kabla yetu. Mchanga wa mashimo ya nchi kavu usiukubali bila kuujaribu hivyo.