Kabla Hujafuta Kodi ya Programu Yako, Tazama References

Juzi baada ya Isha kijana mmoja wa Chake Chake alinitumia picha ya kompyuta yake. Ameandika kodi kwa lugha ya C# kwenye Visual Studio, programu ya kuandikia programu, na jina ConfigurationManager, klasi ya kusomea mipangilio ya programu, limepigwa mstari mwekundu wa kosa. "Kaka, using System.Configuration nimeiandika juu kabisa, bado inagoma. Nishafuta mradi mara 3." Niliitazama picha ile kwa muda, maana mstari huo huo uliwahi kuninyima kazi.

Nilikuwa namtengenezea programu mnunuzi wa mwani huko Paje. Kinamama wanaleta mwani mkavu, karani anapima, kilo zinaandikwa daftarini, na siku ya malipo hesabu hazilingani. Mama aliyeshinda majini tangu maji yanatoka anaambiwa gunia lake halimo. Niliitaka sana kazi ile. Kwangu programu ilikuwa inakwenda vizuri, ila anwani ya hifadhidata nilikuwa nimeichomeka ndani ya kodi. Kompyuta ya Paje ni nyengine, nikataka anwani ikae kwenye App.config, faili la mipangilio, na ConfigurationManager iisome kutoka huko. Hapo nikakwama siku 2. Nilipakua Visual Studio upya kwa bando la simu mpaka likakata. Siku ya 3 mwenye kazi akaniambia ameshapata mtu mwengine. Nauli zangu za kwenda na kurudi hakuziuliza, na mpaka leo nikipita Paje roho inaniuma.

Na dawa yake ni ya dakika moja. Mstari wa using hauleti laibrari, yaani kodi iliyokwisha andikwa na wengine, unakupunguzia tu kuandika jina refu. Laibrari yenyewe ni faili la DLL, na mradi lazima uambiwe kuwa unalitumia. System.Configuration ndiyo inayodanganya wengi: baadhi ya klasi zake zimo ndani ya System.dll, ambayo mradi unayo tayari, kwa hiyo using inapita bila kelele. ConfigurationManager imo katika System.Configuration.dll. Kwa mradi wa .NET Framework, ile .NET ya zamani ya Microsoft, nenda kidirisha cha Solution Explorer, bonyeza References, orodha ya laibrari za mradi, kwa kitufe cha kulia, chagua Add Reference, kisha Assemblies, utie tiki System.Configuration. Kwa .NET mpya, chukua kifurushi cha System.Configuration.ConfigurationManager kutoka NuGet, hazina ya laibrari za .NET.

Vijana wenzangu, acheni kufuta kazi zenu kwa hofu! Someni namba ya kosa. CS0103 na CS0246 zote zinasema jina halionekani, hazisemi kwamba wewe hujui kuandika. Fungueni ukurasa wa klasi hiyo kwenye maelezo ya Microsoft. Pale juu pameandikwa Namespace, jina la kundi la klasi, na chini yake Assembly, faili lenye klasi hiyo. Miye nilikuwa nasoma ya kwanza tu. Ya pili ndiyo inayotaja DLL ya kuongeza. Kabla ya kufuta chochote, tazameni References.

Kijana amenijibu alfajiri: "Imekubali." Sasa amekwama kwenye kuunganisha hifadhidata, nami nimemwambia safari hii anitumie picha ya orodha ya makosa, siyo ya kodi peke yake.