Kabla hujamwambia mteja anunue amplifaya mpya, sogeza spika kwanza

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya kufunga home thieta majumbani, hasa nyie mliotoka kwenye ufundi umeme mkaona kazi ni kuunganisha waya na kuondoka, naomba nikae na nyie kidogo. Mimi hii kazi nimeifanya miaka 11 hapa Arusha, na Moshi nashuka karibu kila mwezi, na kama kuna kifaa kimoja kimenipa wateja kuliko vyote basi ni tepu ya kupimia, ile ya mita 5 ya mafundi seremala. Siyo mita ya umeme, siyo simu, ni tepu.

Nitawaambia ilianzia wapi. Mwaka wangu wa pili niliitwa Njiro kwa mzee mmoja ana spika ndefu mbili nzuri sana, za kusimama chini, kila moja ina wufa (spika za besi) mbili na twita (kispika cha sauti nyembamba) juu, analalamika besi inavuma kama mtu anapiga ngoma ndani ya pipa na waigizaji kwenye muvi hawasikiki wanaongea nini. Nikamwambia bila hata kufikiri, mzee hapa amplifaya ni ndogo. Akanunua kubwa, hela nyingi, nikafunga, tukawasha, na ule mvumo ukawa ule ule ila sasa kwa nguvu zaidi. Mzee hakunigombeza, aliniangalia tu, na lile jicho sijalisahau mpaka leo. Nilirudi siku mbili baadaye kwa hela yangu, nikatoa spika kwenye kona nikazileta mbele karibu sentimita 60, nikasogeza kochi likaachana na ukuta wa nyuma, na kwa mara ya kwanza yule mzee akasema "Fundi, mbona sasa mtu anaongea katikati ya TV kabisa?" Amplifaya ya zamani ilikuwa inatosha. Hilo deni bado nalihisi, ndio maana naandika.

Sasa kwa nini kona inaharibu. Besi haiendi mbele tu kama mwanga wa tochi, inasambaa pande zote, kwa hiyo ile inayokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi kuungana na ya mbele, ukuta mmoja unaongeza, kona ina kuta mbili na sakafu kwa hiyo inaongeza zaidi, na besi inakuwa nyingi lakini siyo safi, inafunika maneno. Nyumba zetu nyingi huku ni tofali za bloku zimepigwa plasta, marumaru chini, jipsamu juu, dirisha kubwa la aluminiamu, yani kila upande sauti inadunda inarudi. Zile nyumba za mbao za Ulaya na Marekani ukuta wenyewe unakunywa kidogo ya besi, bloku haili kitu.

Alafu kuna chumba chenyewe. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, chukua hiyo gawa kwa urefu wa sebule uliozidishwa mara mbili, unapata noti ambayo chumba kinaipenda, yani kinaikuza. Sebule ya mita 5 inapenda karibu hezi 34 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde, ikiwa chache ndio besi), upande wa mita 4 unapenda karibu hezi 43. Noti hizo zikipigwa, aliyekaa kaegemea ukuta wa nyuma anazipata nyingi mpaka kifua kinatikisika, na aliyekaa katikati kabisa ya sebule hazipati karibu hata kidogo. Ndio maana unaweza kukuta baba analalamika besi imezidi na mama anasema mbona hakuna besi, wote wawili wanasema kweli, wamekaa sehemu tofauti tu! Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, ndio kigumu kuliko vyote kwa sababu pande mbili zinapenda noti moja. Kwa hiyo kabla hujagusa rimoti, omba ruhusa usogeze kochi, hata sentimita 40 kutoka ukutani zinaonekana, na lisiwe katikati kabisa ya chumba.

Spika zenyewe nafanya hivi. Napima umbali kati ya spika na spika, mfano mita 2.4, halafu nataka masikio ya mkaaji yawe umbali huo huo au zaidi kidogo kutoka kila spika, iwe kama pembetatu yenye pande sawa. Kulia na kushoto vipimo vilingane kabisa, usikadirie kwa macho, hapa ndio tepu inafanya kazi. Twita iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, kwa makochi yetu ni kama sentimita 90 mpaka mita 1 kutoka chini, kama spika ni fupi inue mbele kidogo kwa vipande vya raba ili itazame juu. Zigeuze ndani taratibu mpaka msikilizaji aone upande wa ndani wa boksi kidogo tu. Weka wimbo wa mtu mmoja anaimba, mwimbaji asimame katikati kama vile yupo nyuma ya TV. Akiwa ameegemea upande, rudi kwenye tepu. Kutoka ukuta wa nyuma anza na sentimita 50, sogeza kumi kumi, sikiliza, maana umbali huo nao unatoboa shimo lake, yani noti inayopotea: koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ikiwa nusu mita toka ukutani shimo linakaa karibu hezi 170, ikiwa mita 1 linashuka karibu na 86, na kila chumba kina umbali wake usioumiza. Kazi hii inaweza kula saa nzima na mteja akakuona unacheza. Mwambie akae kwenye kochi akusaidie kusikiliza, akishasikia tofauti kwa masikio yake hakuulizi tena.

Mwimbaji akiwa hana mahali, yuko kila sehemu na besi imepotea kabisa, hapo usisogeze kitu, angalia waya. Spika moja nyekundu na nyeusi zimepishana, koni moja inatoka wakati nyingine inaingia zinafutana. Boksi ikiwa haina alama chukua betri ya volti 1.5, gusisha kidogo tu kwenye nyaya za wufa, chanya ikiwa sahihi koni inatoka nje.

Kuhusu waya nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndio tunapoibiwa. Ule waya mwembamba mwekundu na mweusi unaouzwa kila duka la vifaa vya umeme, kwa spika ndogo iliyoko mita 2 hauna shida, lakini kwa spika ndefu iliyoko mita 10 ni mdogo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi mita 20, unakula kama omu 0.14 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme), wa 0.75 unakula karibu 0.46, na spika yenyewe ni omu 8 au hata 4, kwa hiyo ule mwembamba unaanza kubadilisha sauti. Halafu kwangua waya kwa wembe kabla hujalipa! Ukiona ndani ni mweupe basi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, unapitisha umeme vibaya kuliko shaba na unakatika ukiukunja mara chache. Haina maana ya kununua waya wa bei ya ng'ombe, shaba halisi ya unene unaofaa inatosha, anayekuambia waya wa dhahabu utafungua sauti muache aende.

Na msidanganyike na namba kubwa kwenye boksi. Imeandikwa PMPO (namba ya kutangazia biashara) wati elfu kumi, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme, unakuta inakula wati 80. Haiwezekani kitoke kingi kuliko kinachoingia. Namba ya kutafuta ni RMS, yani wati inazoweza kutoa mfululizo. Na mjue kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo, ili sikio liseme "hii ni mara mbili" unahitaji karibu wati mara 10. Sasa unaelewa kwa nini yule mzee wa Njiro hakupata kitu. Hatari kubwa ya amplifaya ndogo ni mwenye nyumba kuifungulia mpaka mwisho kwenye sherehe, sauti inaanza kukwaruza, na kule kukwaruza ndiko kunakounguza twita. Mfundisheni mteja: ikikwaruza, punguza hapo hapo.

Kwenye risiva (amplifaya ya home thieta) yenye maikrofoni ya kujipima, mfano Audyssey ya Denon au YPAO ya Yamaha, itumie, lakini baada ya kusogeza spika, siyo badala yake. Maikrofoni iwe juu ya stendi usawa wa masikio, siyo juu ya mto wa kochi, zima feni, zima friji kama iko karibu, watoto watoke nje. Masika usijaribu mvua ikiwa inapiga bati, nilishawahi kupima Sakina mwezi wa nne manyunyu yameanza nikapata majibu ya ajabu, nikarudia kesho yake asubuhi. Ikimaliza kupima ingia kwenye menyu uhakikishe, mara nyingi inaona spika ni ndefu inaandika "Large", wewe kama kuna sabufa weka "Small" na mpaka wa hezi 80, yani chini ya hapo kazi ibebwe na sabufa. Mteja ataumia moyo kusikia spika zake ndefu zinaitwa ndogo, muelezee kwamba tunazipunguzia mzigo ili ziimbe vizuri. Maneno yakiwa bado chini, ongeza spika ya katikati desibeli 2 au 3, usiongeze zote.

Angalia pia TV na king'amuzi vinatoa sauti ya namna gani. Nimekuta nyumba nyingi mtu ana spika tano lakini ametoa sauti kwenye tundu la hedifoni la TV, anapata kulia na kushoto tu miaka yote. Tumia HDMI kwenye tundu lenye ARC (linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva), na kwenye menyu ya sauti ya TV toa PCM (mara nyingi inabaki kulia na kushoto tu) weka bitstream (inaipelekea risiva sauti ya spika zote kama ilivyo) kama ipo.

Mngurumo mdogo usioisha, hata sauti ikiwa chini, mara nyingi unatoka kwenye waya wa dishi. Uchomoe kwenye king'amuzi, ukinyamaza umeshapata mwizi. Weka vifaa vyote kwenye soketi moja, au unganisha TV na risiva kwa waya wa mwanga ambao haupitishi umeme. Lakini kamwe usikate pini ya ethi (inayopeleka umeme unaovuja ardhini) ili mngurumo uishe, kamwe, hata mteja akikulazimisha. Ile pini inalinda watoto wake.

Moshi kuna jambo la ziada, joto. Niliitwa Pasua, risiva inajizima kila baada ya dakika 40, nikakuta imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma na juu yake king'amuzi. Nikatoa vyote, nikaacha nafasi ya kama sentimita 10 juu, haikuzima tena. Yule mama alikipenda kile kitambaa, tukakihamishia kwenye meza, kila mtu akafurahi. Kwenye nyumba hiyo hiyo kulikuwa na kabati la vyombo, kila besi ikipiga glasi zinaimba. Mteja anadhani spika imepasuka. Piga sauti ya chini taratibu, tembea na mkono, gusa kabati, gusa taa za jipsamu, gusa kioo cha dirisha, kinachonyamaza ukikigusa ndicho, weka sponji au raba. Chini ya spika zenyewe kwenye marumaru naweka vipande vya raba ya tairi, napata kwa watengeneza katambuga, bei ndogo na zinakaa miaka.

Mwangwi je? Piga kofi moja sebuleni, ukisikia mlio wa trrr umeshajua. Zulia nene kati ya spika na kochi, pazia zito dirishani, siyo lile jepesi la kupepea. Kwenye kuta za pembeni mwambie mtu apitishe kioo ukutani wewe umekaa kwenye kochi, pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda, hapo weka rafu ya vitabu au zulia la kuning'iniza. Trei za mayai hazisaidii, naomba tuache kuwauzia watu trei za mayai.

Ukimaliza yote, bandika vipande vya tepu ya gundi sakafuni kwenye pembe za kila spika na miguu ya kochi. Halafu muite dada anayepiga deki, msalimie, muoneshe, mwambie akishamaliza kudeki azirudishe hapo hapo. Vipimo mimi naandika kwenye daftari na jina la mtaa, ili baada ya miezi 6 simu ikiita kwamba sauti imebadilika, niulize kwanza kama spika bado ziko kwenye tepu kabla sijapanda bodaboda.